Kobe Aliyeletwa Kilimani

Mjukuu wangu aliletewa kobe aliyeokotwa nyika za Voi. "Babu, tumfuge," akaniomba. Nikamweleza: kobe huyu hula nyasi na majani, na hutaka jua jingi; hapa Chawia asubuhi nyingi tumo ukunguni. Huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Nikifariki, nani atamtunza? Tena sheria ya wanyamapori ya 2013 yakataza kumfuga bila kibali. Mtume (S.A.W.) ametuhadithia mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Mtoto alilia, kisha akaridhia tumkabidhi kwa maafisa wa wanyamapori.

Wazazi wenzangu, mtoto apendaye kufuga apewe kuku au sungura, na afunzwe kumnywesha kabla hajanywa yeye.