Mate Yaliyochemshwa

Tia tonge la ugali kinywani, msomaji wangu, ulitafune polepole pasipo kulimeza. Punde utaonja utamu kidogo ambao haukuwamo sufuriani. Katika mate mna kimeng'enya kiitwacho amilesi, nacho huukata wanga ukawa sukari. La ajabu ni kuwa chenyewe hakiliki kwa kazi yake. Kikisha kukata huachia, kikashika pengine. Mwaka 1894 mkemia wa Ujerumani, Emil Fischer, alikifananisha kimeng'enya na kile kinachokitenda kazi na kufuli na ufunguo wake.

Hayo niliyajua kwa moyo siku nilipofundisha mbele ya mkaguzi, nikiwa mwanachuo wa ualimu. Nilichanganya maji ya wanga na mate katika neli ya kioo, nikaisimamisha ndani ya bakuli. Kwa kuchelea kengele nilimimina bakulini maji yaliyokuwa yakitokota, nikidhani moto ukizidi na kazi huzidi. Baada ya dakika kumi nikadondosha iodini. Weusi ukatanda kama wino: wanga ulikuwamo bado! Kwa aibu nikasema kuwa huenda mate yangu ni dhaifu.

"Samahani, mwalimu," akauliza kijana mmoja wa nyuma, "kinywani mwako mna moto kama huo?"

Darasa likacheka, nami jasho likanitoka, maana alikuwa amesema kweli. Kimeng'enya hiki ni protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu. Joto likiongezeka hadi kadiri ya lile la mwili, nyuzi 37, kazi huenda mbio. Likipita mno, mikunjo hufumuka na kufuli halina tena tundu la ufunguo. Ukilipoza halirudi, kama vile ute wa yai lililochemshwa usivyorudi kuwa maji. Baridi haina ukatili huo, hukilaza tu. Asidi nayo ina neno lake: ile ya tumboni huikomesha amilesi, hali pepsini, kimeng'enya cha humo tumboni, haifanyi kazi vyema pasipo asidi hiyo.

Nikatengeneza neli ya pili. Kipimajoto sikuwa nacho, basi nikaiziba vizuri nikampa kijana yule aibane kwapani. Kengele ikalia, asiondoke mtu. Nilipodondosha iodini mara hii, rangi yake ilibaki ya kahawia, kama chai ya mkandaa.