Utungo Upitao: Michoro ya Matatu za Nairobi

Mhakiki akitaka kuiona sanaa ya Nairobi, aghalabu huelekezwa kwenye kumbi za maonyesho. Mimi hupendelea kusimama kituoni. Sura ya mwanamuziki iliyopulizwa rangi ubavuni mwa matatu, jina la gari kwa herufi zilizopindwa, taa za ndani na muziki unaotikisa viti ni utungo mmoja. Fani na maudhui havitenganiki. Msomaji wake ana nukta chache tu kabla gari halijapita. (Makanga naye huongeza ubeti wake mlangoni.)

Kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilidai vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama, nazo zilistahili. Lakini ziliamuru pia mstari wa manjano, na michoro ikafutwa, kana kwamba rangi ndiyo iliyoendesha magari kwa kasi. Ni mwaka 2014 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kuiruhusu tena.

Mbũgũa wa Mũngai alichapisha kitabu kuhusu utamaduni wa matatu mwaka 2013. Hata hivyo, uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea zaidi misemo ya kanga, na sababu mojawapo ni nyepesi: kanga hukunjwa ikahifadhiwa sandukuni. Matatu hupakwa rangi upya, na utungo wa jana hubaki chini ya ule wa leo. Je, nani mtunzi hapo: mchoraji, mwenye gari aliyelipa, au abiria wanaoliacha gari lisilopambwa na kungojea jingine?