Gitaa Linaloipisha Zaburi



Sisi mafrateri wa falsafa tunaporudi jimboni Njombe kwa likizo, vijana wa kwaya hawatuulizi habari za Aristotle. Wanatuuliza kama tumekuja na gitaa. Vigango kadhaa tunavyovifahamu vina gitaa la umeme, amplifaya moja na mikisa ndogo, na pamoja na vyombo hivyo kuna mvutano: vijana wanasema gitaa linaichangamsha ibada, wazee wanasema linafunika maneno. Katika kigango kimoja cha Makambako mvutano huo ulifika kwenye kikao cha viongozi, na hoja iliyokuwa mezani ilikuwa kuliondoa gitaa kanisani. Vijana nao walikwisha kusema kwamba gitaa likitoka, nao watatoka.

Tulipofika watatu kusaidia mazoezi, mama mmoja mzee wa WAWATA alitusimamisha mlangoni. "Kamwene, wanangu mafrateri," alisema. "Mimi gitaa silichukii. Ila macho yangu hayasomi tena. Zaburi naipata kwa masikio tu, na sasa siipati." Maneno hayo yalitufanya tuone kwamba shauri lile halikuwa la wazee kupenda ukimya na vijana kupenda kelele. Kulikuwa na mtu anayekosa Neno la Mungu.

Mpigaji alikuwa kijana mwenye mkono mzuri. Alikuwa amekwisha kupunguza sauti ya amplifaya mara mbili, lakini akipunguza, gitaa linapotea kabisa. Akiongeza kidogo, zaburi inazama. Hapo ndipo tulipotoa pedali ya ekwalaiza tuliyokuwa nayo. Wapiga gitaa wengi wanaifahamu Boss GE-7, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1981 na bado inatengenezwa. Ina vijiti nane vya kupandisha na kushusha. Saba vinagawa sauti kwa masafa, kuanzia hezi 100, kisha 200, 400, 800, 1,600, 3,200 hadi 6,400. Cha nane ni cha sauti ya jumla. Kila kijiti kinaweza kuongeza au kupunguza hadi desibeli 15. Kwa maneno mengine, amplifaya inauliza swali moja, "Kiasi gani?" Ekwalaiza inauliza, "Kiasi gani, na wapi?"

Tukaanza kuuliza kila mahali ni pa nani. Uzi mnene wa gitaa, ukipigwa wazi, unatoa kama hezi 82, na uzi mwembamba kama 330. Juu ya hapo kuna mawimbi mengine yanayoipa sauti rangi yake. Chini kabisa, kwenye hezi 100, palikuwa tayari na gitaa la besi. Palikuwa pia na mvumo wa malori yanayopita barabara kuu ya Tunduma, na mlio wa umeme, kwa kuwa umeme wetu una masafa ya hezi 50 na mlio wake husikika sana kwenye 100. Tulishusha kijiti hicho kwa desibeli 6. Kwenye 200 na 400 ndiko sauti za waimbaji zinakoanzia na ndiko gitaa hufanya uzito kama wa uji, tukapunguza 3. Kwenye 3,200 ndiko herufi kama s, t, k na ch husikika vizuri. Bila herufi hizo, mtu husikia wimbo wala hasikii maneno. Tukapunguza 5. Mwisho tukapandisha 800 kwa desibeli 3, ili gitaa lipate mahali pake pa kusimama.

Kijana alipopiga peke yake hakufurahi. "Frateri, mmelikondesha gitaa langu," alisema, na alikuwa na haki kusema hivyo. Likisikika peke yake lilikuwa jembamba na kavu. Tukamwomba avumilie kidogo, tukaiita kwaya iimbe wimbo wa katikati. Gitaa lilelile lililokuwa limekonda sasa lilisikika lote, kila uzi, na juu yake maneno ya zaburi yalitoka safi. Sauti ya amplifaya haikuwa imepunguzwa hata kidogo.

Jambo hili tunalisoma darasani bila kulisikia kwa masikio. Aristotle anafundisha kwamba kizima hutangulia sehemu, na kwamba mkono uliokatwa kutoka mwilini unabaki kuitwa mkono kwa jina tu. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye, akieleza uzuri, anataja mambo matatu: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Tulikuwa tukidhani uwiano ni kitu anachokuwa nacho mtu mmoja au kitu kimoja. Pale Makambako tulisikia kwamba gitaa halina uwiano wake binafsi. Uwiano wake upo kati yake na mama anayeimba zaburi, na mpiga besi, na hata lori linalopita nje. Anayetengeneza sauti yake chumbani peke yake hutengeneza sauti nzuri ya chumbani.

Wanamuziki wetu wa dansi walilijua hili zamani. Ukisikiliza bendi za wakati wa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979, utasikia magitaa mawili au matatu yakipigwa kwa pamoja bila kugombana. La solo liko juu, la pili linakaa katikati, la besi linabeba chini. Kila mmoja ana shamba lake na anaujua mpaka wake.

Kanisa nalo lilitoa mwongozo mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliheshimu kinanda cha mabomba kuliko vyombo vingine, ukaruhusu vingine pia, kwa idhini ya mamlaka husika, ikiwa vinafaa kwa matumizi matakatifu. Maelekezo ya *Musicam Sacram* ya mwaka 1967 yanaongeza kwamba vyombo vinaweza kuzisaidia sauti za waimbaji, ila visizifunike hadi maneno yawe magumu kusikika. Kwa hiyo wazee waliodai maneno yasikike walidai haki ya liturujia. Vijana waliodai gitaa nao hawakudai kitu kilichokatazwa.

Tunaongeza tahadhari mbili kwa kwaya zetu. Kwanza, vipimo tulivyotaja si kanuni. Wiki iliyofuata tulivipeleka Njombe, kilometa kama 60 kutoka pale, kwenye kanisa dogo lililo mbali na barabara na lisilo na mpiga besi. Gitaa likawa jembamba kupita kiasi, tukalirudishia masafa ya chini. Pili, asiwepo mpigaji anayepima sauti akiwa amesimama kwenye amplifaya yake. Ampe mwenzake gitaa, atembee hadi benchi la mwisho, akae anapokaa mzee asiyesikia vizuri, ndipo aamue.

Kikao cha viongozi kiliahirisha hoja yake hadi baada ya Noeli. Gitaa halijashinda kesi, limepewa muda. Tunaona hivyo ni sawa, kwa sababu kijiti kilichoshushwa leo kinaweza kupandishwa kesho na mtu aliyechoka kuwapisha wengine. Nasi waumini tulioko kwenye mabenchi tunaweza kusaidia. Badala ya kusema "kelele tupu", tumwambie mpigaji ni neno gani la zaburi hatukulisikia. Hapo atajua kijiti gani cha kugusa.