Ufukoni Kalemie

Asubuhi tulitembea ufukoni Kalemie. Katika matete, mnana dume aliimba huku akining'inia chini ya kiota, ambacho hukifuma kwa mdomo. Jike akikikataa, hukibomoa na kuanza upya. Majini alielea yavuyavu mdogo, angavu kama kioo, ukubwa wa sarafu. Hana moyo wala ubongo. Mdomo wake ni mlango wa chakula na pia wa taka, na watoto huchipuka mwilini mwake. Mnana husifiwa, kwa haki. Lakini tangu Mjerumani Böhm alipomwona yavuyavu huyo mwaka 1883, ni bubu huyu aliyewasumbua wataalamu: wengine walidhani Tanganyika ilikuwa bahari zamani. Sivyo, yuko hata Ziwa Victoria.