Meza ya dola 70 na zamu ya mtoto wa Bukavu

Wasikilizaji wetu wa Lubumbashi, na ninyi ndugu mliofika kwetu mkikimbia vita, leo siwaletei habari za mkutano wala za bei ya makala. Nawaletea habari ya meza.

Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, shemeji yangu alimtuma kwetu mwanawe wa miaka 11. Alipitia Uvira, akateremka ziwa hadi Kalemie, akafika Katuba na begi moja. Sisi tunasema bukari, yeye anasema bugali. Watoto wa lupango walimcheka kwa neno hilo, naye akanyamaza. Wiki tatu alikaa mlangoni akiwatazama wenzake.

Nikakumbuka meza za michezo za zamani. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, na katika mikahawa ya huko waliuweka ndani ya meza yenye kioo juu. Wachezaji wawili hukaa wakitazamana. Mmoja akipoteza, picha inageuka kumwelekea mwenzake: ni zamu yake.

Nilikuwa na dola 70 za kununua bati za jikoni. Mke wangu akaniuliza: “Baba, michezo itazuia mvua?” Sikuwa na jibu.

Kompyuta ya mitumba ilinigharimu dola 35, skrini ya inchi 17 dola 15, maneti mbili za kuchezea dola 6. Kioo kinene kilikatwa kwa dola 9 katika soko la komini ya Kenya, na seremala jirani alichukua 5 kutoboa meza yetu kuukuu. Programu ni ya bure, inaitwa MAME. Ilianzishwa mwaka 1997 na Mwitaliano Nicola Salmoria ili michezo hiyo isipotee.

Nilikosea mara mbili. Kwanza nilifunga sanduku bila matundu, kompyuta ikapata joto na kujizima. Tulitoboa matundu chini na pembeni. Pili, skrini za bei ndogo ukizitazama kutoka upande wa chini zinakuwa nyeusi, kwa hiyo mchezaji mmoja hakuona kitu. Dawa yake ni kukalisha wachezaji kushoto na kulia kwa skrini, kisha kugeuza picha ndani ya programu. Na hapo tulipata faida: Space Invaders na Pac-Man ilitengenezwa kwa skrini ya kusimama, basi picha inajaa vizuri.

Siku ya kwanza watoto walijaa lupango nzima. Kijana mkubwa aliyekuwa wa kwanza kucheka alikaa upande mmoja. Mgeni wetu akasukumwa upande wa pili, kwa sababu meza haichezwi na mmoja ikanoga. Yule mkubwa akapoteza haraka. Picha ikageuka. Kila mtu akangoja, maana hakuna njia ya kuendelea mpaka huyu mtoto acheze.

Alicheza muda mrefu. Kisha umeme ukakatika, na alama zote zikapotea. Nilidhani watatawanyika. Lakini yule mkubwa alibaki kwenye kiti, akamuuliza gizani: “Kwenu mulikuwa mukicheza nini?” Nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu afike, akieleza juu ya ziwa, na mpira wao kuangukia majini kila mara.

Sisemi kwamba meza inaponya vita. Usiku bado anaamka, na mvua bado inaingia jikoni. Lakini siku hizi akisema bugali, wanampa sahani tu.

Ndugu zangu, kama una skrini ya zamani chini ya kitanda na mgeni mlangoni, unajua pa kuanzia. Usisahau matundu ya hewa.