Hewa ya Dar es Salaam na Kifua cha Mjukuu Wangu

Sisi wa Njombe tumezoea kuisifu hewa yetu. Mgeni akipanda kutoka pwani huvuta pumzi ndefu, akasema huku mtu hawezi kuugua kifua. Nami mwaka jana nilipopanda basi kwenda Dar es Salaam kumwangalia binti yangu aliyejifungua, niliondoka na hukumu yangu tayari: jijini hewa ni mbaya, kwetu hewa ni njema. Nilirudi baada ya wiki sita nikiwa nimejifunza mengine, na baadhi yake yalinitia aibu. Ndiyo ninayotaka kuwasimulia akina mama wenzangu.

Basi lilitushusha Mbezi jioni, joto likiwa bado halijapungua. Binti yangu na mumewe wamepanga Tabata, si mbali na Barabara ya Mandela. Mjukuu wangu mkubwa, mtoto wa miaka minne, alinikimbilia na "Shikamoo, Bibi", na kabla sijaitikia akaanza kukohoa.

"Ni vumbi tu, Mama," alisema binti yangu. "Huku kila mtoto anakohoa."

Sikulipenda jibu hilo, lakini usiku haukuwa wa mabishano.

Asubuhi nilizotaka kusaidia

Mama haendi kwa mzazi kukaa kitako. Kila siku saa kumi na moja alfajiri niliamka, nikafagia ua wote. Majani ya mwembe, chupa za plastiki, vifungashio vya biskuti na nguo chakavu nilivikusanya pembeni ya ukuta nikavitia moto, kama tufanyavyo nyumbani. Kisha niliwasha jiko la mkaa mlangoni, nichemshe maji ya kumkanda mzazi na uji wa mtoto. Mvua ilipotishia nililiingiza jiko ndani. Jirani wa upande wa pili naye alikuwa akichoma taka zake saa hizo hizo, tukasalimiana katikati ya moshi.

Siku ya tano mtoto aliamka akihema. Mbavu zilikuwa zikibonyea kila anapovuta pumzi, na kifua kilitoa sauti kama filimbi. Tulimkimbiza zahanati, akawekewa mashine ya kuvuta dawa kwa mvuke. Alipotulia, daktari, mama wa makamo, alituketisha. Nilidhani atazungumzia magari. Badala yake aliuliza: "Nyumbani mnapikia nini? Jiko mnaliweka wapi? Taka zinachomwa wapi, na anayechoma ni nani?"

Binti yangu aliangalia chini. Alikuwa ananiheshimu, hakutaka kunitaja. Ikabidi niseme mwenyewe: "Ni mimi, daktari."

Hakunigombeza. Alisema, "Bibi, hukujua. Mtoto huyu ana dalili za pumu. Pumu ina sababu nyingi, wala hukumletea wewe. Lakini moshi unaiamsha, na moshi wa karibu ndio unaomfikia kwanza."

Moshi ni kitu gani?

Daktari huyo alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Vumbi tunaloliona, lile linalotua juu ya meza, sehemu yake kubwa hunaswa na pua na koo. Linalodhuru zaidi ni lile lisiloonekana. Katika moshi wa kuni, mkaa, taka na dizeli kuna chembechembe ndogo mno, ambazo upana wake hauzidi sehemu mbili na nusu za milimita iliyogawanywa mara elfu moja. Unywele mmoja wa kichwa ni mpana kuliko chembe hiyo kiasi cha mara 30. Kwa udogo huo chembe hupita hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu.

Ndiyo maana madhara ya hewa chafu hayaishii kwenye kikohozi. Kwa watoto huleta nimonia na kuchochea pumu. Kwa watu wazima huongeza hatari ya kiharusi, ugonjwa wa moyo na saratani ya mapafu. Mjamzito anayevuta moshi mwingi anaweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani peke yake ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwaka 2021 shirika hilo lilipunguza kiwango cha chembechembe hizo kinachoshauriwa kwa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa kuwa utafiti ulionyesha madhara hata pale hewa ilipodhaniwa kuwa safi.

Mkaa nao una hila yake. Kwa kuwa hautoi moshi mwingi, tunaudhania hauna neno. Kumbe unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huizuia damu kubeba hewa. Katika chumba kilichofungwa gesi hiyo huua watu wakiwa usingizini. Nilipolisikia hili nilikumbuka usiku wa baridi kwetu Njombe, na jiko la mkaa tunaloingiza chumbani kuwapasha watoto joto. Nilinyamaza muda mrefu.

Jiji lina hewa nyingi

Mtoto alipopata nafuu nilianza kutembea jijini nikiwa na macho mapya. Niligundua kuwa hakuna kitu kimoja kinachoitwa hewa ya Dar es Salaam. Hewa hubadilika kwa mtaa na kwa saa.

Alfajiri, upepo ukiwa umelala, moshi wa majiko na wa taka hutanda chini kama shuka. Kadiri jua linavyopanda, hewa hupata joto na kuinuka, na mchana upepo wa baharini huingia ukauchukua moshi kuelekea bara. Saa niliyochagua mimi ya kuchoma taka ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Barabara ya Mandela ina malori yanayobeba makontena kutoka bandarini, mengine yakienda Zambia na Kongo. Pale Buguruni, magari yanaposimama na kuondoka, moshi wa dizeli hushika koo. Lakini nilipoingia mtaa wa nyuma, hatua chache tu kutoka barabarani, nafuu ilionekana. Tangu hapo mtoto tunampitisha njia ya ndani kwenda shule ya awali, ingawa ni ndefu kidogo.

Siku nyingine nilikwenda Feri, soko la samaki. Bahari ipo pale pale na upepo unavuma vizuri, lakini wakaangaji wa samaki wameinama juu ya moto wa kuni kutwa nzima, macho mekundu. Nilipanda pantoni kwenda Kigamboni, na katikati ya maji nikavuta pumzi ndefu, kama wale wageni wetu wa Njombe. Kati ya yule mkaangaji na mimi palikuwa na mita chache tu, lakini hewa tuliyovuta haikuwa moja.

Moshi uliohama

Mwenyeji mmoja, mzee wa kanisa, alinisimulia historia ya mtaa wao. Zamani dampo la jiji lilikuwa hapa hapa Tabata, na taka zilichomwa mchana na usiku. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, nayo ikaamuru umwagaji wa taka usimamishwe. Halmashauri ilipoendelea kuomba muda zaidi, mwaka 1991 Mahakama ilikataa, ikiona kuwa kuwavutisha watu moshi huo ni kuhatarisha haki yao ya kuishi. Raia wa kawaida walisimama wakasikilizwa, na jambo hilo linatia moyo.

"Lakini, Mama," aliongeza mzee, "taka hazikwenda mbinguni. Zilikwenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na leo ziko Pugu Kinyamwezi. Huko nako kuna watoto."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani. Kitabu cha Mwanzo kinatueleza kuwa Mungu mwenyewe alimpulizia mwanadamu pumzi ya uhai. Kama pumzi ni zawadi ya Mungu, basi ninapochoma plastiki ukutani ninaichezea zawadi aliyopewa jirani yangu. Tunaijua habari ya yule mwanasheria aliyetaka Bwana Yesu amwonyeshe jirani yake ni yupi. Moshi unalijibu swali hilo upesi: jirani ni kila mtu ambaye upepo unamfikia.

Tuliyoyafanya

Jumapili iliyofuata binti yangu aliniomba nizungumze na akina mama wa jumuiya. Niliungama habari ya moto wangu, wakacheka, kisha wakaanza kuungama ya kwao. Tulikubaliana mambo haya, ambayo nawe mama unaweza kuyaanza:

1. Tusichome taka, hasa plastiki, mpira na nguo. Majani na maganda yafukiwe yawe mbolea. Zinazobaki zipewe wazoaji, na nyumba zichangie gharama kwa pamoja.

2. Anayeweza kununua mtungi wa gesi aanze nao, hata kama ni kwa vyakula vya haraka tu. Asiyeweza, apikie nje au penye madirisha yanayopitisha hewa, atumie jiko banifu, na maharage ayaloweke usiku ili yaive upesi.

3. Mtoto asibebwe mgongoni wala kuchezeshwa karibu na jiko linalowaka.

4. Jiko la mkaa lisilale chumbani kamwe, hata kama baridi ni kali.

5. Ua unyunyiziwe maji kabla ya kufagiliwa.

6. Mtoto anayehema haraka, mbavu zikibonyea, au anayeshindwa kunyonya, apelekwe hospitali mara moja. Asisubirishwe kwa kusuguliwa kifua.

Najua yapo yaliyo juu ya uwezo wetu. Malori hatuwezi kuyazuia. Hata hivyo mambo makubwa hubadilika: mwanzoni mwa mwaka 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli yenye madini ya risasi, ambayo ilikuwa ikidhuru akili za watoto. Mwezi Mei 2024 nchi yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni haki yetu kuwauliza viongozi wetu mkakati huo umefika wapi mtaani kwetu.

Nilipoagana na mjukuu wangu alikuwa bado na dawa yake ya kuvuta, lakini usiku alilala bila filimbi kifuani. Nilirudi Njombe, nikafungua mlango wa jiko langu la kuni, nikatazama dari lililojaa masizi. Humo nililea watoto watano, na humo mama yangu alikohoa miaka mingi hadi Bwana alipomwita. Tulisema ni baridi.

Wiki hiyo hiyo nilimwita fundi akatoboa ukuta na kujenga dohani. Mkwe wangu wa kiume akaniuliza kwa simu kama hewa ya Njombe bado ni nzuri. Nikamwambia, "Nje ndiyo, baba. Ndani ndiyo tunaanza."