Mama Alifagia Mpaka Magharibi

Mwaka aliofariki Waziri Mkuu Sokoine, Idi na Sabasaba zilikaribiana. Mwezi uliandama mwishoni mwa Juni 1984, na wiki moja tu baadaye ikawa inakuja Julai 7, siku iliyozaliwa TANU mwaka 1954, ambayo kwetu watoto wa Tandika, Dar es Salaam, ilikuwa na maana moja: viwanja vya maonesho pale Barabara ya Kilwa. Mama alituita jikoni mimi na kaka yangu, akamwaga sarafu zake kwenye ungo na noti mbili zilizokunjwa mpaka zikalegea kama kitambaa. "Hela ndiyo hii. Bembea za Mnazi Mmoja au Sabasaba. Chagueni moja, na mkishachagua asije mtu akanililia."

Tulichagua bembea bila hata kutazamana. Sabasaba ilikuwa nzuri, lakini Sabasaba ulikwenda na mama. Unashikwa mkono getini, unashikwa mkono kwenye banda la Magereza watu wazima wakikagua makabati na vitanda, unainuliwa juu umwone simba wa Maliasili, naye kalala, kisha unashikwa mkono mpaka nyumbani. Mnazi Mmoja siku ya Idi watoto walikwenda wenyewe.

Ili mtu aelewe uzito wa ruhusa ile, inabidi akumbuke mwaka wenyewe ulivyokuwa. Sabuni ilipangiwa foleni, sukari ilipimwa duka la kaya. Kitambaa cha gauni langu, cha kiwanda cha Urafiki, mama alikipata baada ya kuamka alfajiri siku mbili mfululizo, na viatu vya Bora nilivyovaa vilinunuliwa vikiwa vikubwa namba moja na nusu ili vifike Idi ya mwaka utakaofuata. Mtoto aliyevalishwa hivyo alikuwa amebeba mali ya nyumba nzima mwilini. Hata hivyo mama alinifungia shilingi zangu kwenye ncha ya leso, akaibana leso kwa pini ndani ya gauni, akamgeukia kaka, aliyekuwa na miaka 12. "Mkono wa mdogo wako usiuachie." Mimi nilikuwa na miaka 9.

Kaka aliuachia. Sijawahi kumlaumu. Tulishuka kwenye basi la UDA tukiwa tumekunjamana, tukaingia kwenye ule umati, vumbi, harufu ya mihogo ya kukaanga, watoto wamevaa miwani ya plastiki yenye vioo vyekundu na saa ambazo mishale yake ilichorwa, na katikati yake zile bembea za mbao. Vijana wenye misuli walizisukuma kwa mikono. Zikipanda zinalia kwii, zikishuka tumbo linabaki juu. Kaka akakutana na wenzake wa darasani, akasema nisimame hapo hapo, anakuja. Nikasimama. Muda gani, sijui mpaka leo. Ninachokijua ni kwamba sikuogopa. Nilifungua pini mwenyewe, nikafungua fundo kwa meno, nikanunua barafu ya ukwaju, nikapanga foleni ya bembea, nikapanda, nikashuka, nikapanga tena. Hakuna mtu aliyekuwa akinitazama. Nimefanya mambo mengi maishani, nimeolewa, nimejenga, nimezaa mara tatu, lakini hali ile ya kuwa mtu kamili, peke yangu, ulimi umepata ganzi kwa barafu, sijaionja tena vile.

Tulirudi adhana ya Magharibi ikiadhiniwa. Mama alikuwa uwanjani ameshika fagio. Alitutazama mmoja mmoja, akasema, "Kaogeni." Basi. Nikaona mama hakujali kabisa, na kwa akili yangu ya kitoto nikafurahi.

Baada ya miaka mingi, nikiwa tayari nina watoto, mama mmoja jirani yetu wa pale Tandika alinieleza habari ya siku ile. Tangu Alasiri, alisema, mama yako alikuwa anafagia. Uwanja ulishafagiwa asubuhi kwa ajili ya Idi. Akaufagia, akaumaliza, akaanza upya kutoka ukutani. Ukimwambia bibie njoo tunywe chai, anasema namalizia hapa. Alifagia mpaka udongo wa juu ukaisha, zikatokeza kokoto.

Sikuwa najua hilo mwaka 2008. Ningelijua labda ningefanya vingine, labda nisingefanya.

Wanaoishi Dar es Salaam wanakumbuka disko toto. Ikikaribia Idi, Krismasi au Pasaka, gari la matangazo lilipita mitaani na spika juu, Temeke yote, Mbagala, Kinondoni, kumbi za starehe zikialika watoto mchana: muziki, soda, mashindano ya kucheza, zawadi. Kwa mzazi wa uswahilini asiye na gari wala uwezo wa kukodi, lilikuwa jambo la karibu na la bei yake. Mwaka ule wa 2008 binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka 6. Idi Mosi ikawa Jumatano, Oktoba 1. Baba yake alisita. Mimi ndiye niliyesema mwache aende, mbona sisi tulikwenda, mtoto akifungiwa ndani atakuja kujua lini? Nikampeleka mwenyewe na binamu yake wa miaka 11 mpaka mlango wa ukumbi mmoja wa Temeke, nikalipa, nikamwona akimezwa na giza lile lenye taa za rangi, nikarudi nyumbani kupika. Nilipika kwa amani. Hilo ndilo linaloniuma kulikumbuka, kwamba nilipika kwa amani.

Saa kumi na mbili nilimfuata. Alitoka kalowa jasho, rasta za Idi zimefumuka, kashika pakiti ya biskuti aliyoshinda. Usiku redio ikatangaza habari za Tabora. Kule mjini Tabora, katika ukumbi wa disko, siku hiyo hiyo ya Idi, mchana huo huo, watoto walijazwa kupita kiasi, hewa ikawaishia, wakakanyagana. Walikufa watoto wapatao 20.

Nilikwenda kukaa kwenye kitanda alicholala binti yangu, nikamnusa nywele. Zilinuka jasho na moshi wa ukumbi. Wazazi wa Tabora walifanya nilichokifanya mimi, nukta kwa nukta. Walivalisha, walilipa, walirudi nyumbani kupika. Tofauti yetu na wao haikutokana na hekima wala uangalifu. Tangu siku ile sijamsikiliza kwa subira mtu anayesema wazazi wale walikuwa wazembe. Disko toto zikapigwa marufuku, na kwa miaka iliyofuata makamanda wa polisi wa mikoa wakawa wanatukumbusha marufuku hiyo kila sikukuu. Naliunga mkono katazo lile kwa moyo wote. Lakini kila ninapolisikia, najiuliza tumewapa nini badala yake watoto wa Mbagala na Tandika, maana furaha ya sikukuu haipotei kwa kukatazwa.

Mimi nilimpa binti yangu macho yangu. Kuanzia hapo popote alipokwenda kucheza, nilikuwepo. Tulikwenda ufukweni Kigamboni, enzi hizo bado ni Temeke, tukivuka na pantoni, mimi nimeketi kwenye mkeka nikihesabu vichwa vya watoto majini: vitatu, vitatu, viwili, nasimama, vitatu, nakaa. Mwaka 2016 daraja lilipofunguliwa, lile la mita 680, safari ikawa nyepesi, hesabu ikabaki vile vile. Sabasaba niliwaandikia watoto namba yangu ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, ndani ya kiwiko ambako jasho halifuti upesi, kwa kuwa kila nusu saa vipaza sauti vilikuwa vikitangaza mtoto aliyepotea, amevaa hivi, anasema mama yake anaitwa Mama. Binti yangu alipofika miaka 12 aliomba kwenda na wenzake peke yao. Nikasema tutakwenda wote. Hakuomba tena, na mimi nikachukulia kimya chake kuwa ni utii.

Idi iliyopita tulikwenda Kunduchi kwenye mabwawa ya michezo ya maji. Kitinda mimba wangu ana miaka 9, alishaota mabomba yale ya kutelezea kwa miezi. Kutoka kwangu Mbagala mpaka Kunduchi unavuka jiji lote, kusini mpaka kaskazini, na nilipokuwa nikiipita Mtongani nilikumbuka mara ya kwanza kuja huku, nilipowaona akina mama wa machimbo wakigonga kokoto kwa nyundo chini ya vibanda vya makuti, watoto wao wakiwa pembeni yao juu ya marundo ya mawe. Wakati ule nilitaka kuteremka kwenye gari. Sikuteremka. Tulikwenda tukalipa, watoto wakafurahi, na usiku nikashindwa kuzieleza furaha na aibu zilivyokaa pamoja kifuani mwangu siku moja. Kiingilio cha watu watano, nauli, chipsi na soda zinakula fedha ya matumizi ya nyumbani ya wiki nzima, na huwa nailipa huku mkono mzito, kisha mtoto anachomoka kwenye bomba akipiga kelele na maji yakimtoka puani, nasahau hesabu zote. Halafu zinarudi.

Niliwahi kusoma kwamba Walt Disney alisimulia jinsi wazo la Disneyland lilivyomjia: alikuwa amekaa kwenye benchi katika bustani ya Griffith Park, Los Angeles, akitafuna karanga, binti zake wawili wakizunguka kwenye farasi wa bembea. Akaona pangekuwepo mahali ambapo mzazi na mtoto wanafurahi pamoja. Akapajenga, pakafunguliwa Julai 1955. Namwelewa sana baba yule wa kwenye benchi. Ila kutoka pale nilipokaa, chini ya mwavuli, nguo za watu watano mapajani, naona benchi halikuondoka. Tumelipia tu kulikalia.

Binti yangu alikuwa pembeni yangu. Sasa ni mwanamke, anafanya kazi na kupanga chumba chake Kinondoni, alikuja kwa ajili ya mdogo wake. Alinitazama nikihesabu, akatabasamu. "Mama, unaikumbuka ile Idi ya disko toto? Ile niliyoshinda biskuti?"

Nikasema naikumbuka.

"Ile ndiyo Idi yangu nzuri kuliko zote. Nilicheza mpaka viatu vikapotea, nikavitafuta mwenyewe chini ya miguu ya watu nikavipata. Nilijiona mkubwa!" Akanyamaza kidogo. "Mbona hukunipeleka tena?"

Sikuwahi kumweleza habari za Tabora. Alikuwa mdogo, kisha alikuwa shuleni, kisha wakati ukapita. Nilimweleza pale pale, muziki wa bwawa ukipiga juu ya vichwa vyetu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea mkono begani, lakini macho yake hayakubadilika kama nilivyodhani yangebadilika. Alichokipata siku ile alikuwa nacho bado. Chini ya miguu ya watu, kwenye giza, akitafuta viatu vyake: mimi nikiisikia picha hiyo mwili unasisimka, yeye ndipo alipoonja barafu yake ya ukwaju. Siwezi kusema nilikosea kumzuia miaka yote hiyo. Siwezi kusema nilipatia.

Linalonikera ni kwamba katika jiji la watu wengi namna hii tumebakiziwa mawili tu, kulipa sana au kuhatarisha sana. Viwanja vya wazi tulivyochezea vimeliwa na fremu za maduka na maegesho. Wenzetu wa Unguja wanao uwanja wa kufurahishia watoto pale Kariakoo yao, unaomilikiwa na mfuko wa umma, ZSSF, na sikukuu zikifika watoto wa mjini na wa shamba wanajua pa kukimbilia. Sioni kwa nini Temeke isiwe na wake. Bembea, uzio, msimamizi mwenye filimbi, mlango wa kutokea ulio mpana. Mahali ambapo mtoto wa miaka 9 anaweza kusimama peke yake kwa nusu saa na mama yake akapika.

Jioni tulipitia Tandika kumwamkia mama. Anakaribia miaka 80 na macho yamepungua, fagio wameshamnyang'anya. Kitinda mimba alimshika mkono, "Shikamoo bibi," akaanza kumsimulia mabomba, urefu wake, maji yalivyomwingia masikioni. Bibi akamsikiliza. Kisha akamuuliza, "Na mama yako wakati wote huo alikuwa wapi?"

"Alikuwa amekaa pale pale, bibi, ananiangalia mimi tu."

Mama aligeuza uso upande ambao sauti yangu hutokea. Akakaa hivyo kitambo.

"Pole, mwanangu," akasema.